Shangwe Ibebwayo Mabegani

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya safari moja fupi ambayo imekuwa mashuhuri kuliko safari nyingi ndefu. Ni safari ya mfalme Daudi alipolipandisha Sanduku la Agano mpaka Yerusalemu. Habari zake zimo katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 6, na tena katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 13, ya 15 na ya 16. Mwenye Biblia na aifungue baadaye asome mwenyewe, wala asitutegemee sisi tu. Na ndugu zetu Waislamu, walio wengi katika nchi hii ya Kusini, wamjua Daudi kuwa ni Nabii aliyepewa Zaburi. Basi wao nao twawakaribisha, maana jambo tutakalolinena lamhusu kila mtu apendaye kumfurahia Mungu pamoja na wenziwe.

Nchi yetu hii ni nchi ya shangwe. Ufuta ukiisha kupurwa na kufungwa katika magunia, na mtama ukiisha kuingia ghalani, vijiji vya Mandawa na Mbekenyera, vya Naipanga na Lionja, husikika ngoma tangu magharibi hata alfajiri. Wari wa jando na wa unyago hutolewa nje, na arusi hufungwa. Tena kila jambo kwa majira yake: Maulidi husomwa, na watu wa makanisa huandamana na matawi mikononi Jumapili ya Matawi. Walakini twawasikia watu wa namna mbili wakinung'unika. Wa kwanza ni kijana aliyesoma, aonaye haya mama yake akipiga vigelegele kanisani. Husema moyoni, Mungu ataka utulivu, na mambo hayo ni ya washamba. Wa pili ni mzee aliyechoka, naye husema, siku hizi sherehe ni nyingi ila upendo ni mchache. Wote wawili wastahili kujibiwa, na safari ile ya Daudi yawajibu wote wawili.

Kwanza tueleze Sanduku lenyewe. Lilikuwa sanduku la mti wa mshita, urefu wake dhiraa mbili na nusu, yaani mita moja na zaidi kidogo, nalo limefunikwa kwa dhahabu ndani na nje. Ndani yake ziliwekwa mbao za mawe zenye Amri za Mungu. Ubavuni palikuwa na vikuku vya dhahabu, na ndani ya vikuku mipiko miwili mirefu ya mti ule ule. Musa aliagizwa kwamba mipiko hiyo isiondolewe kamwe. Tulikumbuke neno hilo, maana tutalirudia. Sanduku lilifanywa tangu mwanzo liwe kitu cha kuchukuliwa na watu.

Zamani za kuhani Eli, Waisraeli walilipeleka vitani kama hirizi, wakidhani litawashindia. Wakashindwa, na Wafilisti wakaliteka. Lilikaa kwao miezi saba, likawa taabu juu yao, hata wakalirudisha wenyewe juu ya gari jipya lililovutwa na ng'ombe wawili. Likawekwa Kiriath-yearimu, katika nyumba ya Abinadabu iliyo juu ya kilima, likakaa huko miaka mingi. Mfalme Sauli akatawala, akafa, na Sanduku likawa kama kitu kilichosahauliwa na watu.

Daudi alipoutwaa mji wa Yerusalemu, aliazimu kulileta. Kutoka Kiriath-yearimu hata Yerusalemu ni kama kilometa 13, mwendo wa asubuhi moja kwa mtu wa Ruangwa aliyezoea kwenda shamba kwa miguu. Akakusanya watu wateule elfu 30. Wakaliweka Sanduku juu ya gari jipya, na wana wa Abinadabu, Uza na Ahio, wakaliongoza. Watu wakacheza, wakapiga vinubi na vinanda, matari, kayamba na matoazi. Kwa macho ya mtu hapakupungua kitu. Mfalme alikuwapo, watu walikuwapo na muziki ulikuwapo, na gari lenyewe lilikuwa jipya.

Walipofika penye kiwanja cha kupuria cha Nakoni, ng'ombe wakajikwaa. Uza akaunyosha mkono alishike Sanduku lisianguke, akafa papo hapo. Ngoma zikanyamaza. Daudi akakasirika, kisha akaogopa, na watu wote wakarudi makwao.

Hapa wasomaji wengi husimama wakauliza, Uza alikosa nini, naye alitaka kusaidia? Swali hilo ni zito, wala hatutaki kulifanya jepesi. Lakini kitabu cha Mambo ya Nyakati chatueleza aliyoyatambua Daudi mwenyewe baadaye. Aliwaita Walawi akawaambia kwamba safari ya kwanza ilivunjika kwa sababu Mungu hakutafutwa kwa taratibu yake: wao hawakulichukua Sanduku. Basi kosa halikuwa la mkono mmoja ulionyoshwa dakika ile. Lilianza asubuhi, watu wote walipokubali ng'ombe wabebe mzigo uliowapasa watu. Na lile gari jipya walilipata wapi? Waliiga Wafilisti.

Wala mtu asidhani kwamba Mungu huchukia magari. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 7, Musa aliwagawia Walawi magari sita na ng'ombe kumi na wawili. Wana wa Gershoni walipewa magari mawili kwa kuchukua mapazia ya Hema, na wana wa Merari manne kwa kuchukua mbao na nguzo. Wana wa Kohathi peke yao hawakupewa gari, kwa sababu vitu vyao vilikuwa vitakatifu, navyo vilipasa kuchukuliwa mabegani. Basi iko mizigo ya gari, na iko mizigo ya bega. Hekima ni kuijua tofauti yake.

Watu wa Nachingwea wanayo habari iwezayo kuwafahamisha jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, mahali patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Iliazimiwa kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Yakaletwa matrekta mengi. Bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikalazwa kutoka huko hata Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa kama pauni milioni 36. Reli nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960. Hatulinganishi karanga na Sanduku la Mungu, wala hatusemi kwamba trekta ni dhambi. Twasema hivi tu: gari lilikuwa jipya na lenye nguvu, lakini wenye kuijua ardhi na mvua zake kwa mabega yao hawakuwa ndio walioulizwa kwanza. Kitu kisichobebwa na watu, kikijikwaa, hakina wa kukishika.

Sanduku liliwekwa katika nyumba ya Obed-edomu Mgiti kwa muda wa miezi mitatu. Tufikiri kidogo juu ya mtu huyu. Siku ile kila mtu aliogopa, mfalme naye aliogopa, na yeye alifungua mlango wake. Hatusomi kwamba alipiga tari, wala kwamba alifanya karamu. Alikaa na kitu kitakatifu nyumbani mwake kwa adabu, siku baada ya siku, na Mungu akaibariki nyumba yake yote. Sifa za baraka hiyo zikamfikia mfalme, naye akapata moyo wa kuanza tena. Hivyo furaha ya taifa zima iliwashwa upya kwa moto mdogo uliotunzwa katika nyumba moja.

Sasa tuitazame safari ya pili. Daudi aliwaagiza Walawi wajitakase, wakalichukua Sanduku kwa mipiko mabegani mwao, kama Musa alivyoagiza. Waimbaji wakawekwa kwa zamu na kwa kazi zao. Asafu na Hemani na Ethani wakapiga matoazi ya shaba, na Kenania, aliyekuwa fundi wa kuimba, akawaongoza wengine. Wachukuzi walipokwenda hatua sita, wakasimama, na sadaka ikatolewa. Hatua sita tu! Mara ya kwanza walikwenda kwa haraka bila kufikiri. Mara hii walitaka kujua kwanza kama mwendo wao wakubaliwa.

Watu wa hapa hawana haja ya kuelezwa sana maana ya kubeba mabegani. Mgonjwa akizidiwa katika kijiji kilicho mbali na barabara, vijana hukata miti miwili wakafanya machela, wakamchukua usiku kucha wakipokezana. Maiti akitoka nyumbani, jeneza hupita toka bega hata bega, na kila mwanamume hujitahidi kulipokea hata kwa hatua chache, kwa kuwa ni haki ya marehemu na ni thawabu kwa mchukuzi. Na mwari akitolewa nje, mara nyingi hubebwa mabegani, wote wamwone. Yote matatu ni mzigo, na katika yote matatu hakuna anayelalamika kuwa ni mzito. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini walisema hivyo kwa kumlaumu atazamaye tu. Aliyeingiza bega lake chini ya mpiko aujua uzito, na kwa kuujua huifahamu na furaha ya kufika.

Hili ndilo jibu letu kwa yule mzee aliyesema kwamba sherehe ni nyingi na upendo ni mchache. Shangwe hupungua upendo pale inapowekwa juu ya gari, yaani watu wanapolipa fedha ili wengine wafurahi kwa niaba yao, au wanapokuja kula na kutazama, na hapana aliyebeba kitu. Kanisa ambalo wazee wake hufagia, vijana wake huteka maji, na kina mama wake hutwanga na kupika, litafurahi kwa kweli siku ya sikukuu yake, hata kama ngoma ni moja tu.

Twende sasa kwa jambo la pili. Daudi alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, naye amevaa naivera ya kitani, vazi la watumishi wa madhabahu. Alikuwa mfalme, lakini siku ile hakutaka kujulikana kwa joho. Akacheza katikati ya watumwa na wajakazi, jasho likamtoka kama wao.

Katika nchi yetu swali la ngoma na ibada si la jana. Misheni ya U.M.C.A. ilipoanza kazi Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini walipojenga Ndanda mwaka 1906, wageni wengi walizitazama ngoma zetu kwa mashaka. Wako waliosema kwamba Mkristo na aache yote. Lakini Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926 hata 1944, aliona kwamba jando halikuwa jambo la kutupwa. Yeye pamoja na mapadri Waafrika, walioyajua mambo ya jando kuliko yeye, waliingiza sala na mafundisho ya Kikristo ndani yake, wakaondoa waliyoyaona kuwa hayafai. Wapo waliowapinga, kwa upande huu na upande huu, na mabishano hayo yaliendelea miaka mingi. Hata hivyo jambo moja likawa wazi: mwili wa Mwafrika, pamoja na mguu wake uchezao, waweza kuingia mlangoni mwa kanisa bila kuachwa nje. Siku hizi ngoma na kayamba husikika katika makanisa ya madhehebu mengi, nayo Nachingwea, ambayo mwaka 1963 ilipewa jina la jimbo la Kanisa Katoliki, jimbo ambalo tangu 1986 laitwa Lindi, imezoea kuona waamini wakiandamana na kuimba njiani.

Basi, mwanafunzi uliye na haya, sikiliza. Palikuwa na mtu mmoja siku ile asiyecheza. Mikali, binti Sauli, mke wa Daudi, alichungulia dirishani, akamwona mfalme akirukaruka, akamdharau moyoni mwake. Mfalme aliporudi nyumbani, alimlaki kwa maneno ya kejeli: kwamba amejivunjia heshima mbele ya wajakazi kama mtu mpuuzi. Daudi akamjibu kwamba alicheza mbele za Bwana, na kwamba yu tayari kujishusha zaidi ya hapo. Na wale wajakazi aliowataja, kwao hao ndiko atakakopata heshima.

Tazameni vema alipokuwa Mikali. Alikuwa dirishani. Dirisha ni mahali pa kuona vitu vyote bila kuguswa na kitu. Aliye dirishani haoni jasho wala hasikii uzito wa mpiko, na kwa hiyo mambo yote humwonekea kuwa kelele. Elimu yaweza kumfanyia mtu dirisha la namna hiyo. Kijana huenda Lindi au Dar es Salaam akasoma, jambo ambalo ni jema sana, kisha hurudi kijijini akawatazama wazee wake kwa mbali, kama mtu aliye ghorofani. Lakini yule mama apigaye vigelegele ndiye aliyeuza mbaazi zake apate kumlipia daftari. Vigelegele vyake si ujinga. Ni sala ya mtu aliyebeba mzigo mrefu akafika. Elimu ya kweli yampa kijana macho ya kuiona sala hiyo, na pengine yampa na ujasiri wa kushuka.

Pamoja na hayo yatupasa tumtendee Mikali kwa haki. Maandiko hayakuficha habari zake za kwanza. Alimpenda Daudi alipokuwa bado kijana. Sauli alipotuma watu wamwue Daudi, ni Mikali aliyemteremsha dirishani kwa siri, akamwokoa. Baadaye baba yake akamwoza mtu mwingine, na baada ya miaka Daudi akamrudisha kwa amri, yule mume wa pili akimfuata nyuma akilia. Hatusomi mahali popote kwamba mtu alimwuliza Mikali anataka nini. Basi mwanamke aliyemteremsha mumewe dirishani kwa upendo, alimtazama kutoka dirishani kwa uchungu. Dharau yake ilikuwa kosa, lakini haikuota pasipo mbegu. Na sura hiyo yaisha kwa huzuni, maana yasema kwamba hakupata mtoto hata kufa kwake.

Hapo sisi tuchezao tuna neno la kujifunza. Katika kila sherehe yuko mtu aliye dirishani. Pengine ni mjane, au binti aliyeozwa bila kuulizwa, au ndugu aliyekosana na jamaa juu ya mikorosho ya urithi. Ni rahisi kumwita mwenye kiburi na kumpita tukicheza. Daudi alilipandisha Sanduku kilima chote kwa uangalifu mkubwa, lakini palikuwa na mzigo mmoja nyumbani mwake ambao hatukusikia kwamba aliutia bega. Mtu asimame hatua sita kabla ya kuingia katika furaha yake, akatazame juu madirishani.

Jambo la tatu ni fupi, nalo ndilo utimilifu wa mengine. Sanduku lilipowekwa katika hema, na sadaka zikiisha kutolewa, Daudi aliwabariki watu, kisha akawagawia chakula. Kila mtu alipata mkate, na kipande cha nyama, na mkate wa zabibu. Maandiko yaangalia kutaja kwamba waliopewa ni wanaume na wanawake vile vile. Hapana sahani ya wakubwa na makoko ya wadogo. Kila mmoja alirudi nyumbani kwake na kitu mkononi, hata wale watoto na wagonjwa waliobaki nyumbani wakaionja siku ile.

Wenyeji wa Kusini wanaujua ubaya wa sherehe iishiayo kwa wageni wa heshima, huku waliopika wakilamba vidole vikavu. Korosho zikiuzwa vizuri, watu hutumia fedha nyingi kwa siku moja ili wasifiwe, kisha mwezi wa Februari nyumba yalala njaa na ada ya shule haipo. Shangwe ya Daudi haikuacha njaa nyuma yake. Tukitaka kujua kama furaha yetu ilikuwa mbele za Mungu au mbele za macho ya watu tu, tusiulize ngoma zilisikika hata wapi. Tuulize kesho yake, jirani aliye maskini ameamka na nini?

Basi, ndugu wasikilizaji, haya ndiyo tuliyotaka kuwaambia. Furaha si adui wa heshima, maana mfalme alicheza na ufalme wake haukupungua. Lakini furaha ina taratibu yake: ibebwe mabegani mwa watu wote, wakubwa wajishushe ndani yake, na mwisho wake uwe mkate mkononi mwa kila mtu. Nanyi wanafunzi, someni sura hizo pamoja na wazee wenu jioni moja wiki hii. Nyinyi mwasome maneno, nao wawaeleze namna mzigo unavyopokezwa toka bega hata bega njiani usiku. Kila upande utakuwa na la kumfundisha mwenziwe.

Kaeni salama, na Mungu azibariki nyumba zenu kama alivyoibariki nyumba ya Obed-edomu. Kwaherini.